Kaskazini Iliyotikiswa

Humphrey alipewa karatasi na kalamu achore safari nzima, akachora mstari mmoja tu.

"Huu ni mlima," alisema. "Milima ya Livingstone haiishii pale unapoiona ikikutana na ziwa, afande. Inaendelea kushuka chini ya maji, imesimama wima kama ukuta wa nyumba. Sisi tulikuwa tupite huku, sambamba na ukuta, wenyewe ukiwa kushoto kwetu, mbali. Hatukupaswa hata kuuona."

"Lakini mliugonga."

"Tuliugonga."

Inspekta Odilia alikwisha kuuliza swali hilo zaidi ya mara moja, na kila mara alijibiwa vivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyeacha kujitetea. Hilo lilimuudhi kuliko uongo. Mwongo humpa mpelelezi kazi ya kufanya. Aliyekata tamaa hampi kitu. Na muda ulikuwa umekwisha. Kesho yake Humphrey alikuwa apandishwe kizimbani kwa kumuua Gwamaka Anyelwisye bila kukusudia, na jalada zima lilisimama juu ya neno moja, uzembe.

Nje, mvua ya Kyela ilinyesha kwa mtindo wake, bila haraka na bila dalili ya kuchoka.

Yaliyojulikana yalikuwa machache. Mradi wa kuchunguza sakafu ya Ziwa Nyasa ulikuwa na nyambizi ndogo ya watu wawili, na Humphrey, mtu wa Tanga, ndiye nahodha wake. Gwamaka alikuwa mtaalamu wa miamba, mzaliwa wa pale pale Matema, na siku hiyo alishuka kwa mara ya kwanza. Nyambizi iligonga mwamba kwa ubavu wa kushoto, upande aliokaa yeye, kichwa chake kikapiga chuma. Humphrey aliachia vyuma vya uzito, nyambizi ikapanda. Mlango ulipofunguliwa Gwamaka alikuwa ameshakata roho. Watu wa ufukweni walisema nahodha alikuwa amelewa. Daktari alipima damu yake akaikuta safi, lakini uvumi haupimwi hospitali.

"Nieleze kama mtu asiyejua hata kuogelea," Odilia alisema, akavuta kiti. "Kule chini mnaonaje njia?"

"Hatuoni. Taa inamulika hatua chache, kisha giza. Na satelaiti hazisaidii, mawimbi yake hayapenyi maji. Ukishazama tu, hakuna anayekuambia uko wapi."

"Sasa?"

"Tunahesabu. Juu ya maji, kabla ya kuzama, satelaiti inatuambia tulipo. Kuanzia hapo ni hesabu: tunaelekea wapi, kwa kasi gani, kwa muda gani. Kama umeme umekatika nyumbani kwako na unakwenda jikoni. Huoni, lakini unajua umeelekea wapi na umekwenda hatua ngapi."

"Kasi mnaijuaje?"

"Kuna chombo tumboni mwa nyambizi kinapiga sauti sakafuni. Sauti ikirudi inakuwa imebadilika kidogo, na mabadiliko hayo yanatupa kasi. Hata mkondo ukitusukuma pembeni, kinaujua. Nimekikagua mwenyewe. Ni kizima."

"Na mwelekeo?"

"Dira. Siyo ya sumaku, ile ingepumbazwa na chuma chetu wenyewe. Hii inahisi dunia inavyojizungusha, ndipo inapopata kaskazini." Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Humphrey aliinua macho. "Ni kitu chepesi mno kuhisi, afande. Kwa hiyo kabla ya safari lazima itulizwe. Nyambizi ikiwa bado nchi kavu, kwenye toroli lake, tunaiwasha na kuiacha kama robo saa. Haiguswi. Taa ikigeuka kijani, imeshaipata kaskazini, na itaishikilia safari nzima."

"Na ile sauti ya mbele? Nimesoma kwamba nyambizi hupiga sauti mbele ikasikia kama kuna kitu."

"Tuliizima. Gwamaka alikuwa anasikiliza mitikisiko ya sakafu, makelele yetu yangemharibia. Ipo kwenye utaratibu. Tuliizima hivyo safari zote, hata aliposhuka mtaalamu mwingine."

"Na safari zote mlifika."

"Zote. Dira hiyo hiyo, ukuta huo huo."

Odilia aliitazama karatasi. "Mlipoibuka juu, satelaiti ilisema mko wapi?"

"Kushoto. Dira iliamini tuko kule tulikopanga, satelaiti ikasema tuko chini ya mlima. Tulikwenda mshazari tangu tulipozama, kidogo kidogo. Ndiyo maana wanasema niliukata usukani vibaya. Lakini niliushika kwenye namba niliyopewa. Namba ndiyo iliyokuwa mbaya."

"Ulikuwa wapi dira ikitulizwa?"

"Ndani ya hema, mimi na Gwamaka, tunakagua mitungi ya hewa. Fortunatus ndiye fundi wa vyombo, yeye alibaki nayo. Aliniambia kwa redio, 'Tayari.' Tukatoka."

"Hemani ulisikia nini?"

Alifikiri. "Wimbo. Wenyeji walikuwa wanaimba. Siku zingine tulikuwa peke yetu, ila siku hiyo mtoto wao anashuka, kijiji kizima kilikuja. Gwamaka alicheka, akaniambia, 'Wazee wananiaga kama naenda Ulaya.'"

Odilia aliikunja ile karatasi yenye mstari mmoja akaitia mfukoni.

*

Konstebo Ambwene, mwenyeji wa Ndandalo, aliendesha gari kwenda Matema kama kawaida yake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukieleza. Walipopita Makwale, kokoa iliyoanuliwa ilikuwa imerundikwa vibarazani chini ya maturubai, na mpunga ulisimama ndani ya maji mpaka kiunoni.

"Afande, mimi kile chungu ndicho kinanisumbua," alisema.

Kilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo miguuni pa Odilia: chungu kidogo chekundu cha kutosha kiganjani, kilichokutwa chini ya kiti cha Gwamaka kikiwa kimefungwa kwenye kipande cha khanga.

"Kinakusumbua vipi?"

"Mtu anashuka ziwani na chungu kitupu chini ya kiti. Kwetu watu wanaongea. Wanasema kimetiwa kitu."

"Kimefungwa khanga, basi. Nimekifungua mwenyewe."

Ambwene alikitupia kile chungu jicho moja zaidi, kama mtu ambaye hajashawishika.

Rut, mama yake Gwamaka, alikuwa uani kwake, chini ya paa la nyasi, anafinyanga. Walimkuta amezungukwa na vyungu vibichi vilivyokaushwa na kupakwa udongo mwekundu, tayari kungojea moto, ingawa kwa mvua ile moto ungekuwa wa kungojewa sana. Majirani walisema alirudi kwenye udongo siku ya pili baada ya maziko, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

"Ugonile," Ambwene alimsalimu kwa Kinyakyusa, akiinama.

"Ndaga," alijibu mama, na kumgeukia Odilia kwa Kiswahili. "Karibu, mwanangu. Mikono yangu michafu."

"Shikamoo, mama. Pole tena." Odilia alichuchumaa, akatoa kile chungu. "Nakuomba unisaidie. Hiki ni cha kwako?"

Rut alikipokea kwa mikono miwili. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, kama kilivunjika zamani kikaunga vibaya, na hakikunyooka hata alipokizungusha chungu kukitazama.

"Nilimpa mimi," alisema. "Tangu nazaliwa nafinyanga udongo wa juu. Nikamwambia, wewe unakwenda chini, nichotee tope la huko nilione. Nione kama linakubali mkono." Alitia kidole ndani ya chungu, akakitoa. "Hakufika."

Ambwene alitazama pembeni.

"Asubuhi ile, mama, ulikuwa wapi kabla hawajaondoka?"

"Ufukweni na wenzangu. Tulitoka hapa hapa kazini, hata mikono hatukunawa. Tulikwenda kumsindikiza."

"Kuna mtu yeyote aliyechezea ile mashine?"

"Hayupo," Rut alijibu moja kwa moja. "Polisi wa kwanza alituuliza hivyo hivyo. Nani achezee mashine aliyomo mtoto?"

Alikuwa anasema kweli, na Odilia aliona hivyo. Walipoaga, alimwachia chungu, akajua mkuu wake angemlaumu kwa hilo.

*

Banda la mradi lilijengwa kwa mabati juu kidogo ya maji. Toka ndani yake reli mbili zilizoshikwa kwa zege ziliteremka mpaka ziwani. Juu ya reli lilikaa toroli la chuma lenye vitako vya mpira, na juu ya vitako ilikaa nyambizi yenyewe, imebonyea ubavuni, imefungwa utepe wa polisi. Mlima ulikuwa nyuma yake, umejaa mawingu mpaka miguuni.

Fortunatus alikuwa kijana mtaratibu kutoka Bukoba, miwani safi, shati limechomekewa. Maelezo yake kwenye jalada yalikuwa mafupi na mazuri, na Odilia alimwomba ayarudie.

"Niliwasha dira. Nikasubiri. Taa ikawa kijani. Nikamwambia nahodha iko tayari. Tukalishusha toroli kwa winchi."

"Winchi. Hamkusukuma?"

"Hapana, afande. Toroli lina reli, halisukumwi."

"Na wakati dira inatulizwa, ulikuwa hapa?"

"Hapa hapa."

"Hakuna aliyeigusa."

"Hakuna."

Odilia alilizunguka toroli polepole. Mvua haikuwa imelifikia. Tangu mkasa lilirudishwa ndani na mlango ukafungwa. Nyuma, mahali ambapo mtu angeweka mikono kama angetaka kusukuma, chuma kilikuwa na vumbi tupu. Ubavuni hakikuwa hivyo. Kwenye bomba la pembeni, kushoto, zilikuwapo alama za viganja, nyekundu, zimekauka na kuanza kumenyeka. Akahamia kulia. Zilikuwapo pia. Zote zilishika kwa juu, vidole kwa nje, kama mtu anavyoshika ukingo wa kitanda anachotaka kukitikisa.

Ya mwisho mbele, upande wa kulia, ilikuwa ndogo kuliko nyingine. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea ndani.

Aliinama mbele ya alama ile, akaipima kwa kiganja chake. Kisha akapiga picha zote, moja moja, na kumwita Ambwene.

"Wewe umekulia huku. Mtumbwi mzito umelala ufukweni usiku kucha. Mnaufanyaje asubuhi?"

"Tunauamsha, afande."

"Maana yake?"

"Mchanga unakuwa umeushika. Ukisukuma tu, unaumia mgongo bure. Kwa hiyo watu wanasimama huku na huku, wanautikisa, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa wimbo, mpaka mchanga uachie. Hapo hata mtoto anausukuma." Akaona aongeze: "Na ukiwa na mgeni au mtu wa kusafiri, humwachii auamshe mwenyewe. Ni utovu wa adabu."

"Wanapanda kabla au baada ya kuuamsha?"

"Baada."

Fortunatus alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Bwana Fortunatus," Odilia alisema, "dira bado inafanya kazi?"

"Nadhani... ndiyo."

"Reli hizi zimehama tangu siku ile?"

"Haziwezi. Ni zege."

"Basi pua ya nyambizi inatazama kule kule ilikotazama. Dira ikitulizwa hapa leo itatoa namba gani?"

"Mia mbili na kumi. Kila siku ni nyuzi mia mbili na kumi."

"Iwashe."

Kushoto kwa mlango watu walikwisha kukusanyika, maana gari la polisi halifiki Matema bila kupata wasindikizaji. Walisimama kwenye mvua bila kulalamika. Mbele yao alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeusi la mazishi, Anyelwisye, baba yake Gwamaka. Alikuwa akija pale kila siku, Ambwene alisema, kuitazama nyambizi. Alikuwa amekwenda kituoni pia, zaidi ya mara moja, kuuliza Humphrey atafungwa lini.

Taa ya njano iliwaka juu ya nyambizi. Odilia aliamuru mtu yeyote asiingie. Mabati yalilia kwa mvua. Baada ya robo saa taa iligeuka kijani, na Fortunatus akasoma kwenye kioo kidogo.

"Mia mbili na kumi."

"Vizuri. Izime. Sasa iwashe tena." Odilia alitoka mlangoni. "Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Naomba wale waliokuwa hapa siku Gwamaka anaondoka waje wasimame pale waliposimama, wafanye walichofanya. Siwashitaki kwa lolote. Nataka kuona tu."

Walitazamana. Mwanamke mmoja, Kisa, ndiye aliyejibu. "Lakini mlituuliza nani alichezea mashine. Hakuna aliyechezea. Sisi tuliiamsha tu."

"Najua, mama. Hamkuulizwa swali lenyewe. Njooni."

Wakaingia wakijifuta maji. Wanawake wakaenda ubavuni mwa toroli, huku na huku, kila mmoja mahali pake bila kubabaika. Mbele kulia pakabaki wazi.

"Hapa alisimama nani?" Odilia aliuliza, ingawa alijua.

"Mama Gwamaka," Kisa alisema kwa sauti ya chini.

"Pabaki hivyo hivyo."

Mbele kushoto nako palikuwa wazi. Hapo hakupajua. Alikuwa anafungua kinywa kuuliza wakati mzee Anyelwisye alipovua koti, akalikunja, akalipa jirani, akaja kusimama pale.

"Wimbo niliuanzisha mimi," alisema. "Kama hii itakusaidia kumfunga yule mlevi, nitaimba mpaka jioni."

Odilia angeweza kumzuia. Angeweza kumweka Ambwene badala yake, na namba ingekuwa ile ile. Lakini jaribio likibadilishwa watu si jaribio, wakili yeyote angelitupa, na ndani ya mahabusu ya Kyela kulikuwa na mtu anayengojea kesho. Aliona aibu kubwa, na hata hivyo hakumwonya.

"Endelea, mzee."

Alianza peke yake. Sauti yake ilikuwa imekauka, na mstari wa kwanza ulikatika katikati. Wa pili wanawake waliupokea. Ulikuwa wimbo wa kazi, wa polepole, wenye pigo moja la kulia na moja la kushoto. Mikono ikashika bomba. Nyambizi ikaanza kuyumba juu ya vitako vyake vya mpira, kidogo tu, kama mtoto anayebembelezwa mgongoni. Taa ya njano iliendelea kuwaka. Odilia hakuangalia watu, aliangalia taa. Chombo kile kilikuwa kinatafuta mzunguko wa dunia, kitu chepesi mno kuhisi, na katikati ya utafutaji wake mikono ya watu waliompenda Gwamaka ilikuwa inakipa mzunguko mwingine.

Taa ikawa kijani. Haikujua tofauti.

Wimbo ukafifia. Fortunatus hakusogea.

"Soma," Odilia alisema.

"Afande..."

"Soma kwa sauti."

"Mia mbili kumi na nane."

Odilia alitoa ile karatasi, akaiweka juu ya ubavu wa nyambizi, akachora njia aliyopanga Humphrey, sambamba na mlima, kisha mstari wa pili. Ulianza pamoja na njia ya Humphrey, ukaachana nayo kidogo kidogo, ukaenda kukutana na ukuta. Hakuhitaji rula. Haikuwa lazima kosa la leo lilingane sawasawa na la siku ile. Ilitosha kujua kwamba reli hazikuhama, na kaskazini ilihama.

"Uliwaona," alimwambia Fortunatus.

Kijana alivua miwani tena, na safari hii hakuirudisha. "Niliwaona."

"Ungeweza kuwasimamisha."

"Walikuwa wazee tupu. Wanaimba. Baba mtu ndiye anaongoza. Mimi mgeni hapa, afande, nina miezi tu. Nitaanzaje kuwaambia wanyamaze? Nilisema moyoni nitairudia wakimaliza. Kisha ikawa kijani, na watu wote wananitazama mimi, Gwamaka ameshatoka hemani amevaa... Nikasema tayari."

"Na baadaye ukaandika kwamba hakuna aliyeigusa."

"Ndiyo."

"Ukamwacha Humphrey alale sakafuni Kyela."

Wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha. Fortunatus alikwepa lawama ya wazee kwa robo saa, na fedheha sasa angekuwa nayo maisha yake yote. Odilia hakumwonea huruma nyingi. Alimwashiria Ambwene kwa kichwa, na konstebo akaenda kusimama karibu na fundi, bila kumshika.

Mzee Anyelwisye alikuwa bado ameshika bomba. Wanawake walikwisha kuachia, wamerudi nyuma hatua moja moja, wengine wakitazama viganja vyao. Yeye alikuwa anatazama karatasi. Hakusoma sana shuleni, lakini alivua ziwa lile miaka yote, na mistari miwili inayoachana aliielewa.

"Huu wa pili ni wa nani?" aliuliza.

Odilia aliufuata ule mstari kwa kidole. "Ni njia waliyopita kweli, mzee. Dira haikutakiwa kuguswa ikiwa inatulizwa. Ilitikiswa. Ikajifunza kaskazini isiyo yenyewe, na Humphrey akaifuata kwa uaminifu. Hakukosea."

"Ilitikiswa."

"Ndiyo."

Akaachia bomba polepole, mkono mmoja, kisha wa pili. Aligeuka kumtazama Fortunatus, na kila mtu bandani alijiandaa. Lakini sauti yake ilitoka ya kawaida, karibu ya upole.

"Ungeniambia, mwanangu. Mimi ni mtu wa kuambiwa. Ungesema, 'Mzee, acha,' ningeacha."

Fortunatus alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Afande." Mzee alichukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote. "Utaandika?"

"Lazima niandike. Bila hivyo Humphrey hatoki."

"Atoke. Nimemtukana sana yule. Nitakuja mwenyewe kumwambia." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Andika jina langu. Wimbo wangu, mikono yangu. Hawa walifuata tu. Na yule ambaye leo hayupo..." Alitazama mbele kulia, pale palipobaki wazi. "Yule usimwandike."

"Kosa la kisheria ni la fundi, mzee. Si la aliyetikisa."

"Siongelei sheria."

Odilia alifikiria picha alizopiga, moja moja, kila kiganja na mahali pake. Zilikuwa ushahidi. Zingekwenda kwenye jalada, na jalada lingesomwa mahakamani mbele ya yeyote atakayekuja kusikiliza. Alikuwa bado hajajibu wakati watu waliosimama mlangoni walipoachana kumpisha mtu.

Alikuwa Rut. Alikuwa amejifunika khanga kichwani, imelowa, na mikono yake ilikuwa bado na udongo. Alikuwa amesikia wimbo. Wimbo ule ulikuwa haujaimbwa tangu siku ile, alisema, na akaona aje.

"Mmempata?" aliuliza, akiwatazama mmoja mmoja. "Aliyemwua mtoto?"

Kisa alificha mikono yake ndani ya khanga.

"Tumempata," Anyelwisye alisema.

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Rut alimtazama mumewe bila kuelewa. Kisha macho yake yakahama, taratibu, yakaenda kwenye nyambizi, kwenye taa ya kijani iliyokuwa bado inawaka, yakaanza kushuka kuelekea kwenye toroli.

Odilia alipiga hatua mbili. Akaenda kusimama mbele kulia, mgongo wake kwenye bomba, sketi ya sare imefunika ile alama ndogo, na hakusogea pale mpaka mzee alipomshika mkewe mkono wakatoka.